Giaboksi Otomatiki za Malori ya Zamani ya Jeshi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi yangu. Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka lori la shule. Kila Jumamosi lilikataa kuwaka, nasi Kidato cha Pili tukalisukuma mpaka getini, dereva akaachia klachi, injini ikashtuka. Elimu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Idara yetu ilipata malori mawili ya mtumba yaliyokuwa ya jeshi la Marekani, aina ya M939. Ni malori ya tani 5, yenye ekseli 3 zote zikivuta, yaliyoanza kuundwa na AM General mwaka 1982. Injini yake, Cummins NHC-250, ni ile ile ya malori ya M809 yaliyotangulia. Kilichobadilika ni giaboksi: ile ya mkono iliondolewa, ikatiwa otomatiki ya Allison MT654 yenye gia 5. Sisi tuliyatumia kubebea mitambo ya kuchimba visima.

Siku moja lori la kwanza lilizimika kijijini. Vijana wa pale wakalisukuma kama tulivyosukuma sisi. Halikuwaka, wala lisingewaka hata kama wangelisukuma mpaka Krismasi. Katika giaboksi hii hakuna klachi ya mguu. Nguvu ya injini hupitishwa na oili, na oili husukumwa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Injini ikilala, pampu imelala, na magurudumu hayana njia ya kuiamsha.

Kosa hilo halikuharibu kitu. Kilichoharibu ni trekta lililolivuta lori hilo kilometa 30 hadi karakana. Magurudumu yalikuwa yakizungusha vyuma vya ndani, na pampu haileti tone la oili. Ilikuwa lazima propela ifunguliwe kwanza, kazi ya boliti chache tu. Dereva hakuambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Fundi alipofungua alikuta vyuma vimeliwa. Nikatia saini inunuliwe giaboksi nyingine, kwa fedha tulizotenga kwa mabomba ya kisima cha kijiji kile kile. Ikafungwa, ikafanya kazi siku tisa, ikafa. Chenga za chuma za giaboksi ya kwanza zilikuwa zimejificha katika kipoza-oili na mipira yake. Hakuna aliyeviosha, nami sikuuliza. Akina mama wa kijiji kile waliendelea kuteka mtoni mwaka mzima zaidi.

Basi lori la pili lilipoanza kuugua, injini ikinguruma na gari likijivuta kama konokono, mafundi wote walisema giaboksi imekufa. Nikakataza mtu asiifungue. Tulianza na kijiti cha oili. Hiki hupimwa gari likiwa mahali tambarare, oili imepata moto wake wa kazi, yaani nyuzi kama 70 hadi 95 za Selsiasi, injini ikizunguka polepole na gia ikiwa nyutro. Aliyetangulia alipima injini imezimwa, kisha akajaza kwa kukisia. Oili ilikuwa imezidi! Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikawa povu. Povu lina hewa, na hewa hubonyea. Klachi za ndani hukosa shinikizo, zikateleza na kuungua, sawasawa na gari lenye oili pungufu. Ndiyo maana dalili peke yake haitoshi.

Tukainusa pia. Oili njema ya giaboksi hainuki moshi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimekwisha kuumia. Ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji, ama kutoka kipoza-oili kilichotoboka, ama yaliyoingia kwenye tundu la kupumulia gari lilipovuka mto. Maji hubandua vitambaa vya klachi, kwa hiyo gari lisitembezwe hata kidogo. Yetu ilikuwa safi. Tulipunguza oili, tukabadili filta, tukakaza waya wa modyuleta ulioanguka. Waya huo huiarifu giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ukilegea, gia hubadilika wakati usiofaa. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko posho ya safari ya fundi mmoja.

Mtu akikuuzia lori la jeshi akajisifu kwamba limetembea kilometa chache, muulize limesimama miaka mingapi. Sili za mpira hukauka kwa kusimama, na unyevu hujikusanya ndani. Huyu wetu alituambia kilometa, miaka hakuitaja. Tangu hapo, mara moja kila juma tunaliwasha lori hadi lipate moto, tunalitembeza, tunapitisha gia zote.

Lori hilo la pili liko nyuma ya bwalo, limekuja kwa kazi ya kisima cha shule. Baada ya chakula nitaliwasha. Kijana atakayetaka kusoma kijiti mwenyewe aje na kitambaa safi, kwa maana uchafu wa kitambaa nao huingia ndani.