Nyundo Yenye Sharti: Thor wa Vibonzo na Thor wa Wanorse

Thrym, mfalme wa majitu, aliiba nyundo ya Thor, mungu wa ngurumo wa Skandinavia ya kale, na kuifukia chini kabisa ardhini, kisha akadai apewe mungu wa kike Freyja awe mkewe ndipo airudishe. Freyja alikataa katakata. Basi Thor mwenyewe, pamoja na ndevu zake na hasira zake, akavalishwa shela la bibi harusi na kupelekwa ukweni, mungu mwenzake mwenye hila, Loki, akimsindikiza kwa sura ya mjakazi. Karamuni bibi harusi huyo alikula ng'ombe mzima na samaki samoni wanane, na Loki akawatuliza wakwe kwa kudai kwamba mwari hakuwa ametia kitu kinywani kwa siku nane kwa hamu ya kuolewa. Nyundo ilipoletwa kuibariki ndoa, ikawekwa mapajani mwa Thor. Hakusalimika mtu ukumbini.

Kisa hicho kimo katika mashairi yaliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Ndani yake hakuna anayeuliza kama Thrym alistahili kuishika ile nyundo. Ilikuwa silaha, na silaha ni ya aliyenayo. Hata Snorri Sturluson, mwanazuoni wa Iceland aliyezikusanya habari za miungu hiyo mnamo 1220, alitaja dosari moja tu ya nyundo: mpini ulitoka mfupi kwa sababu Loki alimsumbua mhunzi wakati wa kuifua.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Thor wa vibonzo vya Marekani anatofautiana na huyo wa kale kwa jambo moja kubwa kuliko mengine yote, nalo liliongezwa mwaka 1962: nyundo ilipewa sharti.

Mwaka huo, katika toleo la 83 la Journey into Mystery lenye tarehe ya Agosti, kampuni ya Marvel ilimleta daktari mmoja mwenye mguu mbovu, Donald Blake, aliyekuwa likizoni Norway. Akiwakimbia watu wa mawe waliotoka Saturn, anajificha pangoni, anaokota fimbo kuukuu, anaigonga kwenye mwamba, na fimbo inageuka nyundo. Ubavuni mwake pamechongwa maneno yanayoahidi nguvu za Thor kwa yeyote atakayeishika, mradi awe anastahili. Wazo la kisa lilikuwa la Stan Lee, maneno yaliandikwa na mdogo wake Larry Lieber, michoro ni ya Jack Kirby na wino ni wa Joe Sinnott.

Kirby hakuwa mgeni wa mungu huyu. Mwaka 1957 alikuwa amemchora kwa ajili ya kampuni ya DC, katika toleo la 16 la Tales of the Unexpected, na nyundo ya kisa hicho inafanana mno na ile ya 1962. Mabadiliko mengine ni rahisi kuyaona: ndevu zilinyolewa, nywele zikawa za dhahabu, na Loki, ambaye katika masimulizi ya kale alichanjana damu na Odin, akafanywa ndugu wa kulelewa wa Thor. Hilo la Loki lilizaa ugomvi wa kifamilia usiokwisha. Sharti la nyundo lilizaa swali, na swali humpa mwandishi kazi ya miaka mingi.

Jibu la kwanza lilikuja 1968, katika toleo la 159 la jarida lilelile, ambalo sasa liliitwa Thor. Msomaji anaambiwa kwamba Blake hakuwahi kuwa mtu kamili: Odin alimuumba ili mwanawe mwenye majivuno aonje udhaifu na kujifunza unyenyekevu. Ufafanuzi huo unaacha mapengo mengi, lakini ulilipa sharti maana. Kirby aliondoka Marvel 1970, na miaka iliyofuata mfululizo huo ulizunguka zaidi ya ulivyosonga mbele.

Aliyeuamsha ni Walter Simonson, mpenzi wa masimulizi ya Wanorse tangu utotoni. Jalada la toleo lake la kwanza kama mwandishi, la 337 la Novemba 1983, linaonyesha kiumbe mwenye uso kama wa farasi akilivunja jina la jarida kwa nyundo. Huyo ni Beta Ray Bill, mgeni kutoka anga za mbali, na mkononi mwake nyundo inatii. Simonson alimchora wa kutisha makusudi ili msomaji adhani ni adui, na mtego huo ulifaulu. Mwaka 1986 alikwenda mbali zaidi: Thor anageuzwa chura katika bustani ya Central Park, New York, naye anaweza kuiinua nyundo yake vilevile. Wapo waliolalamika kwamba ni utani. Ni utani kweli, na waliocheka zamani kumwona Thor ndani ya shela wangeupokea kwa mikono miwili.

Sharti hilo halikuwa la lazima: nje ya Marvel, kuanzia 1979, Mdenmark Peter Madsen na wenzake walichora Valhalla, mfululizo wa vitabu 15 uliokamilika 2009, wenye Thor wa ndevu nyekundu na mbuzi wake wa kukokota gari. Nyundo yao haina sharti, wala hadithi hazipungukiwi na chochote. Sharti ni chaguo la Marvel.

Huko Marvel, Jason Aaron, aliyeanza kumwandika Thor 2012, ndiye aliyelibana sharti mpaka likapiga kelele. Katika hadithi zake, Gorr, ambaye watoto wake walikufa huku miungu ikinyamaza, anaapa kuiua miungu yote. Mwaka 2014 jasusi Nick Fury anamnong'oneza Thor neno, na nyundo inamponyoka mwezini. Baadaye inafichuka kwamba neno lenyewe lilikuwa kukiri kuwa Gorr alikuwa na haki. Nyundo ikaokotwa na Jane Foster, aliyekuwamo hadithini tangu 1962 kama muuguzi wa Blake. Sasa Jane anaumwa saratani, na kila anapojigeuza Thor dawa alizopewa hospitalini husafishwa mwilini lakini uvimbe hubaki. Ndiyo maana sharti halikuwahi kuwa ghali kama kwake. Mwaka 2018 aliitupa nyundo ndani ya jua ili kulimaliza zimwi Mangog, akafa, na Odin, aliyekuwa amempinga tangu siku ya kwanza, akaungana na mwanawe kumrudishia uhai.