Kadi ya Mkopo Safarini Ng'ambo
(Hotuba fupi iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya fedha za msafiri, kwa kuwa kazi ya serikali imenipeleka ng'ambo mara kadhaa, na baadhi yenu vijana mtakwenda kusoma huko.

Kaka zetu waliosafiri miaka ya 1970 na 1980 waliomba kibali cha Benki Kuu ndipo wapate fedha za kigeni, kisha wakabeba hundi za wasafiri. Masharti yale yalilegezwa kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992. Leo msafiri hubeba kadi, wala si anasa. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014. Mwenye noti tupu mfukoni huachwa kituoni.

Lakini kadi ya mkopo si fedha yako. Ni deni. Ukilipa deni lote la mwezi kabla ya siku iliyowekwa, kwa kawaida ununuzi hautozwi riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba huanza kula. Na ukitoa pesa taslimu mashineni kwa kadi hiyo, kwa kawaida riba huanza siku ile ile, na ada juu yake. Mwenzangu mmoja alitoa noti kwa njia hiyo ili anunue zawadi. Zawadi zilikwisha kuchakaa, naye bado analipa.

La pili: mashine ya dukani inaweza kukuuliza kama utalipa kwa fedha ya nchi ile au kwa shilingi. Shilingi huvutia kwa kuwa twaijua. Ikatae. Ukiichagua, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, nao hujiongezea faida. Nyongeza ikiwa asilimia 5, chumba cha euro 200 kimekula euro 10 za bure. Chagua fedha ya nchi ile. Benki yako nayo ina ada yake. Iulize kabla hujaondoka.

La tatu: hoteli na wenye magari ya kukodi huzuia kiasi fulani katika kadi, na huenda zikapita siku kadhaa kabla hakijaachiliwa. Kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja, inayozuiwa ni fedha yako mwenyewe. Unaweza kukosa nauli nawe una akiba. Hapo kadi ya mkopo ina heri.

Tena, iarifu benki safari yako, weka namba yake ya simu mbali na kadi, na tunza kila risiti uilinganishe na hesabu ya mwezi.

Ndugu watumishi wenzangu, masurufu ya safari yana mpaka, bali kadi haina haya. Mtumishi aliyelemewa na deni humfungulia mlango mwenye bahasha, na hapo si mfuko wake tu unaotoboka, ni ofisi ya wananchi. Nanyi vijana, zile asilimia mnazozilalamikia darasani ndizo zitakazowalinda huko.