Mzazi Asiyesoma na Mtoto Asomaye

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Buyenzi, Bujumbura



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha katika siku hii ya furaha, na nawashukuru viongozi wa jumuiya yetu walionipa heshima ya kusema machache juu ya jambo litugusalo sote: mzazi aweza kumfanyia nini mtoto wake ili afaulu katika maisha. Amma baad.

Wengi hunijia wakasema, "Sheikh, mimi sina mali wala sikusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?" Swali hilo si geni kwangu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita, kisha nikashika vitabu vya dini kwa masheikh. Kwa hiyo nisemayo leo nayasema kwa kuwa nilikosea, na aliyejikwaa ni wajibu wake kuwaonyesha wenziwe jiwe lilipo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wazee wetu walichelea kuwa mtoto akienda kusoma atarudi na jina jingine na dini nyingine. Hofu yao ilikuwa na sababu, nasi hatuwalaumu. Babu yangu alimzuia baba yangu kwa ajili hiyo hiyo. Lakini nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na kazi za serikali zikatafuta watu, wengi wao hawakuwa na cheti cha kuonyesha. Wakabaki na biashara, udereva na ufundi. Kazi hizo ni za halali, nazo ndizo zilizotulea. Ila aliyeichagua kazi hafanani na aliyesukumwa nayo.

Na tukiitazama dini yetu, haikutufungia mlango. Aya za kwanza zilizomshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, zilianza kwa amri ya kusoma. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa 2 wa Hijra, wanazuoni wa sira wanasimulia kuwa mateka wasio na fidia, waliojua kuandika, waliachiwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina, watoto kumi kwa kila mateka. Watu wale walikuwa washirikina, na panga zao zilikuwa bado hazijakauka. Hata hivyo Mtume hakuona vibaya watoto wa Kiislamu wakae mbele yao na kushika kalamu. Tena alimwamrisha kijana Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayemwamini.

Kisa hicho cha Zayd nilikuwa nikikisimulia msikitini miaka mingi, wala sikujua kwamba kitanihukumu mimi mwenyewe. Sikilizeni.

Mwanangu wa pili alipokuwa na umri wa miaka 13, alirudi siku moja na barua ya skuli iliyoandikwa kwa Kifaransa. Kifaransa nilichopata darasani kilikwisha kunitoka. Nikamwambia, "Nisomee, mwanangu." Akasoma, akanifasiria kuwa mwalimu anatusalimu na kwamba masomo yanakwenda vizuri. Nikafurahi, nikampa pesa ya mandazi, nikatia sahihi yangu chini ya karatasi.

Muhula ulipokwisha alishindwa masomo yote. Ndipo nilipokwenda skuli kwa mara ya kwanza tangu nimwandikishe. Mkuu wa skuli akanitolea barua ile ile, yenye sahihi yangu. Ilisema kwamba mtoto hajaonekana darasani wiki nne, na kwamba baba yake anaombwa aje haraka. Nilikuwa nimetia sahihi ushahidi wa uzembe wangu.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Mama yake akasimama mlangoni akaniuliza, "Baba fulani, utampiga kwa uongo wake au kwa aibu yako?" Nikaiweka fimbo chini. Nikamwita mtoto, nikamwuliza kwa upole alikuwa akienda wapi. Akasema alikuwa akishinda kwenye magereji, akiwatazama mafundi. Masomo ya Kifaransa yalikuwa yamempita tangu mwaka wa nyuma, na wenziwe wakimcheka. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akajibu, "Baba, kila jioni unaniuliza kama nimeswali. Hujaniuliza hata siku moja nimesoma nini."

Ndugu zangu, nimepewa mawaidha na masheikh wakubwa, lakini hayakuniingia kama maneno ya mtoto yule. Kuuliza juu ya sala ni wajibu, wala siachi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba amana niliyopewa inaishia hapo.

Kutokana na hayo nawausia mambo manne, ambayo hata asiyejua herufi moja aweza kuyafanya.

La kwanza, nenda skuli kwa miguu yako. Mjue mwalimu wa mtoto wako, naye akujue. Usingoje barua. Mwalimu akijua kuwa mtoto fulani ana mwenyewe, humwangalia kwa jicho jingine.

La pili, keti naye. Baada ya Isha mpe nafasi yenye mwanga na utulivu, zima redio, weka simu mbali, mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa mchana. Huhitaji kukijua. Akiweza kukueleza wewe, amekifahamu. Akibabaika, mmegundua wote wawili pa kutafuta msaada.

La tatu, usimtenge binti. Wapo wanaomtuma dada sokoni Ruvumera huku kaka akifungua daftari. Ada ya skuli za msingi iliondolewa mwaka 2005, kwa wavulana na wasichana sawa. Nyumba ambayo mama anasoma, barua haidanganyi mtu.

La nne, chunga ulimi wako. Luqman alipomuusia mwanawe alimwita kwa jina la mapenzi kila alipoanza wasia, na katika wasia huo akamtaka ashushe sauti yake. Mtoto aitwaye mjinga kila asubuhi, jioni huwa ameamini. Mwombee dua akiwa anasikia.

Wengine watasema, "Mimi nitamwachia mwanangu duka, yatosha." Mlio hapa mnaikumbuka tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mji wetu lilipoungua. Watu walioamka asubuhi wakiwa matajiri walilala wakiwa na madeni. Duka ni neema, lakini huungua. Elimu na tabia njema ndiyo mali ambayo mtoto huikimbia nayo moto bila ya kuibeba.

Huenda mnataka kujua habari za kijana yule. Alirudia mwaka. Hakuwa wa kwanza darasani, wala leo hana ofisi. Ni fundi wa magari papa hapa Buyenzi, kazi aliyoipenda tangu utoto. Lakini vitabu vya magari huvisoma, hesabu zake huziandika mwenyewe, na jioni wanawe huketi ubavuni pake na madaftari yao. Mimi nahesabu kuwa amefaulu.

Namalizia kwa ombi moja kwa jumuiya yetu. Tunao vijana wengi waliosoma. Naomba wawili kati yao wakae barazani pa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, mzazi yeyote awaletee barua ya skuli, wamsomee kwa siri na kwa heshima. Haitatugharimu chochote ila mkeka. Nami nitakuwa wa kwanza kuja, kwa kuwa sasa ninao wajukuu.

Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atusamehe tulipowapunguzia haki zao. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.