Ushindi wa Mazoezini: Ndege za Kivita, Mapigano ya Kuigiza na Somo la Musoma

Mada kwa semina ya waandishi wa habari na walimu wa historia, Shinyanga



Nimeombwa nieleze jinsi ndege za kivita zinavyolinganishwa katika mapigano ya kuigiza. Niweke wazi mapema: sitagusa uwezo wa sasa wa jeshi letu wala wa jirani yeyote. Hayo yana wasemaji wake. Nitatumia mambo yaliyokwisha kuandikwa, na mengi yalitokea hapa hapa Kanda ya Ziwa.

1. Maana

Ndege ya kivita mnaijua. Katika mapigano ya kuigiza, marubani wa pande mbili hufukuzana bila kufyatua kitu. Huwekewa kimo cha chini kabisa na umbali wa chini kabisa wa kukaribiana. Vyombo hurekodi kasi, kimo na mwelekeo, na wakishatua hukaa chumbani na wasimamizi kuamua nani "alikufa". Hesabu ya hao "waliokufa" ndiyo inayofika magazetini. Tusonge mbele.

2. Hesabu na kanuni zake

Vijiweni swali huwa moja: ipi kali, Sukhoi ya Uganda, F-5 ya Kenya au F-7 yetu? Nimeulizwa hivyo karibu kila semina, mara nyingi na watu waliosoma mahali kwamba ndege fulani ilishinda zoezi fulani.

Februari 2004, Wamarekani walipeleka F-15 zao Gwalior, India, kwa zoezi la Cope India. Wahindi walikuwa na Sukhoi, Mirage na MiG-21 zilizoboreshwa. Ikatangazwa kwamba Wamarekani wameelemewa. Lakini kanuni za zoezi ziliwataka Wamarekani wapigane wakiwa wachache, na hawakuruhusiwa kuigiza kombora lao la masafa marefu linaloongozwa na rada. Kanuni hazikufuta ustadi wa marubani wa India, ambao ulikuwa wa kweli. Ila anayechapisha matokeo bila kanuni anampa msomaji nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo inayopotosha. Mwaka 2015 Thailand na China zilipofanya zoezi la pamoja, J-11 ya China ilitamba kwa karibu na Gripen ya Thailand ikatamba kwa mbali. Mshindi ni nani hapo? Inategemea aliyepanga zoezi alianzisha pambano umbali gani.

Yapo pia mazoezi yaliyofanywa kwa ajili ya kujifunza, na hayo ninayaheshimu. Mwaka 1966 rubani wa Iraq alitoroka na MiG-21 hadi Israel, na mwaka 1968 Wamarekani wakairusha jangwani Nevada dhidi ya ndege zao. Waligundua ni ndogo, ngumu kuonwa kwa macho, lakini hupoteza kasi haraka ikikata kona kali, na rubani wake haoni vizuri nyuma. Mwaka uliofuata jeshi lao la majini lilifungua shule ya mapigano ya anga kule Miramar. Katika vita vya Vietnam marubani wa jeshi hilo walikuwa wakiangusha ndege 2 au 3 za adui kwa kila moja waliyopoteza; baada ya shule hiyo wakafikia kama 12. Ndege ilikuwa ile ile, F-4 Phantom.

3. Kagera: lile ambalo hesabu inaliacha

Hapa naomba muda, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu hili nimelipigania miaka mingi.

MiG-21 hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi, na Uganda pia. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vilipoanza mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi mawili yalikutana yakiwa na ndege za kiwanda kimoja. Kwa mtindo wa vijiweni, hapo hakuna la kulinganisha. Tazameni basi kilichotokea.

Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitaka daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera livunjwe. Ndege zake zilirudi tena na tena, zikalikosa. Tarehe 3 Novemba daraja lilianguka kwa baruti iliyofungwa kwenye daraja lenyewe na mtaalamu kutoka mgodi wa Kilembe, Uganda. Mliotoka kwenye migodi ya Geita na Kahama hamhitaji kufafanuliwa tofauti ya kulipua ukiwa umesimama mbele ya mwamba na kulipua ukiupita kwa kasi ya ndege.

Tarehe 29 Machi 1979, Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma Tu-22 kupiga Mwanza. Ni ndege kubwa, inayozidi kasi ya sauti. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, zikaua swala. Siku tatu baadaye ndege zetu zilipiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo.

Haya husimuliwa kwa furaha, na ni haki yetu. Lisilosimuliwa ni la Musoma. Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege tatu za Tanzania zilitunguliwa huko na askari wetu wenyewe wa ulinzi wa anga.

Naomba tusilipite haraka. Chukueni kombora la begani la Strela-2, mojawapo ya silaha za askari wetu wakati ule. Mpigaji anaelekeza bomba angani, anasikia mlio unaomjulisha kwamba kombora limenasa joto la injini, anafyatua. Mlio haumwambii joto hilo ni la nani. Juu yake inapita ndege ambayo adui naye anayo, na ana sekunde chache tu za kuamua. Kinachoweza kumwokoa rubani ni taarifa iliyofika kabla: ndege zetu zinapita saa fulani, kutoka upande fulani, kwa kimo fulani. Taarifa hiyo isipofika kwenye handaki, ustadi wa rubani na ubora wa injini havina kazi tena.

Walinzi wa jadi wa Sungusungu walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuhitaji semina kulielewa hili: mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa usiku, mwenye upinde lazima amjue mwenzake gizani kabla hajavuta kamba.

Katika zoezi la kawaida la angani, orodha ya ndege inajulikana asubuhi na msimamizi anasikiliza kila redio. Kijana mwenye hofu na kombora begani hayumo, kwa hiyo kosa lake halihesabiwi. Vita vikija, yeye ndiye wa kwanza kuamua. Nimelisema hili kwenye vikao vingi, likaandikwa kwenye kumbukumbu, na kikao kilichofuata kikarudi kwenye Sukhoi na F-7. Wale marubani wa Musoma walikuwa watoto wa nchi hii. Wanastahili zaidi ya aya moja inayorukwa.

4. Mapendekezo

Kwa waandishi: msichapishe matokeo ya zoezi lolote bila kanuni zake. Ulizeni idadi ya kila upande, silaha zilizoruhusiwa kuigizwa, umbali wa kuanzia, na nani aliyetoa hesabu. Msipopata majibu, andikeni kwamba hamkuyapata.

Msilinganishe ndege na ndege peke yake. Linganisheni marubani na saa zao angani, mafundi na vipuri, na njia za mawasiliano. Miramar ilionyesha hivyo kwa ndege ile ile.

Mkipata nafasi ya kuhudhuria zoezi, ulizeni kama askari wa ulinzi wa anga walishiriki. Ulizeni pia ni ndege ngapi za upande wao wenyewe "walizotungua". Hilo nalo ni tokeo la zoezi.

Kwa wapangaji wa mazoezi, kwa heshima zote na kwa kuzingatia mipaka ya usiri: kosa la kutotambuana lihesabiwe sawasawa na kushindwa na adui, na wa ardhini wawekwe zoezini bila kupewa orodha ya ndege asubuhi.

Kwa wenye migodi na wapima ardhi wanaorusha ndege zisizo na rubani: fuateni vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na toeni taarifa kabla ya kurusha. Chombo kisichojulikana angani ni tatizo lile lile la Musoma kwa umbo dogo.

Kwa walimu: Musoma ifundishwe pamoja na Kyaka na Saanane, si badala yake.

Narudia kwa waandishi, kanuni kwanza, matokeo baadaye.

Na la mwisho, lenye haraka kuliko yote. Askari wa mizinga, wa rada na wa redio waliokuwa Musoma, Mwanza na Bukoba mwaka 1978 sasa ni wazee, na wengine wanaishi katika mikoa hii. Redio zetu za Shinyanga na Geita ziwatafute kwa utaratibu, kupitia ofisi za wilaya na kwa ridhaa yao, ziwarekodi, na nakala za sauti zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Waulizwe jambo moja mahususi: siku ya tukio la Musoma, taarifa ya ndege zetu ilitakiwa kuwafikia kwa njia gani, na ilikwama wapi.