Nani Amsaili Kijana Wetu?



Kwa kawaida vyuo vikuu vyetu havimwiti mwombaji kwa usaili. Hutazama alama zake. Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana wa kidato cha sita alitakiwa kwanza kufanya kazi, kwa kawaida miaka miwili, kisha mwajiri na tawi la Chama waeleze mwenendo wake. Yaani alipimwa na watu waliomwona akifanya kazi. Nchi za nje wana yao. Harvard huwatumia wahitimu wake kuongea na waombaji. Yale huwatumia pia wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Nayasema haya kwa sababu ya kosa langu. Mwaka 2023 chuo kimoja cha nje nilichopata kusoma kiliniomba nimsaili kijana wa Mamba Miamba. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, macho chini. Nikamwuliza amewahi kuongoza nini. "Hakuna, mzee." Nikaandika: hana uongozi.

Jioni yake alikunywa chai stendi ya Same na mwanafunzi wa chuo kile kile aliyekuwa likizo. Huyo akaelezwa yote: baba alipougua, kijana ndiye aliyepanga zamu za maji ya ndiva kwa mashamba ya tangawizi, na bwawa lilipojaa tope ndiye aliyewaita watu kwenye msaragambo. Kujisifu mbele ya mzee si adabu kwetu, nami Mpare nililisahau hilo! Niliandika barua ya pili. Nikajibiwa kuwa muda umepita.

Sisemi wanafunzi hawana upungufu. Huyo huyo wa stendi aliwahi kuniambia mwombaji mwingine hafai, kisa Kiingereza chake kina lafudhi ya huku milimani. Hapo nilimkatalia.

Basi, katika mazoezi ya usaili tunayowapa vijana kila Desemba, naomba maswali yaulizwe na walioko vyuoni sasa. Sisi wenye mvi tukae nyuma, tuandike. Kijana wa Mamba Miamba, ambaye sasa anasoma kilimo Morogoro, amekubali kuanza. Ila amemtuma Mwenyekiti aniombe, kwa heshima zote, mimi nisubiri nje.