Kifaa Kisicholalamika: Mhadhara wa Umma Kuhusu Matengenezo ya Vifaa vya Dharura vya Ndege, Kamina



Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kongo. Safari ile ilihusu vita vya Katanga, na kambi yetu ya Kamina wakati huo ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Ndani walikuwamo watu 16. Mabaki yalilala kilomita 15 hivi kutoka uwanja wa Ndola, lakini waokoaji waliyafikia baada ya muda wa saa 15 hivi. Mlinzi mmoja, Harold Julien, alikutwa hai, ameungua na kuchomwa na jua. Alifariki siku chache baadaye. Chanzo cha ajali kinabishaniwa hadi leo, nami sikigusi. Ninaloomba tulitazame ni zile saa 15.

Leo kazi ya kuzifupisha imepewa redio ndogo ya dharura, ambayo kwa kawaida hufungwa upande wa mkiani. Ndege ikigonga kwa kishindo, redio hujiwasha yenyewe na kurusha ishara kwenye masafa ya 406 MHz, kila baada ya sekunde 50 hivi, na setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat huidaka. Redio za zamani za 121.5 MHz setilaiti ziliacha kuzisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Anayebeba hiyo peke yake anategemea rubani mwingine apite juu akiwa ametega sikio.

Injini ikichoka hutoa moshi, hutetemeka, rubani hulalamika, mwenye ndege hupoteza pesa, na fundi huitwa siku hiyo hiyo. Redio ya dharura hailalamiki. Betri yake inaweza kupita tarehe iliyochapwa ubavuni, na ndege ikaruka Kamina hadi Lubumbashi kila wiki bila mtu kuhisi tofauti. Fundi akiipima anaweza kusahau swichi kwenye nafasi ya kuzima badala ya kuirudisha kwenye nafasi ya kusubiri. Waya wa antena unaweza kulegea nyuma ya paneli ambayo haifunguliwi mpaka ukaguzi mkubwa.

Lakini kosa linalonihofisha zaidi kwa nchi yetu ni la namba. Kila redio ya 406 imeandikiwa namba ya utambulisho, na ndani yake mna nchi ya usajili. Ndege zetu ndogo nyingi ni za mitumba. Ikiuzwa, ikapakwa rangi mpya na kupewa usajili wa Kongo, redio ikaachwa na namba ya zamani, basi siku ya ajali simu ya kwanza italia kwa mtu wa bara jingine aliyeiuza ndege ile zamani. Hapo setilaiti zimefanya kazi yao, na muda unapotea. Tena kwetu muda ni mfupi: ishara haipenyi maji, na kati ya hapa na Malemba-Nkulu mna mabwawa ya Upemba.

Msidhani uzembe huu ni wa maskini peke yao. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet iliungua angani karibu na Miami, watu 110 wakafa. Mafundi walikuwa wameondoa katika ndege nyingine mitungi ya kemikali inayotengeneza oksijeni ya dharura. Kadi ya kazi ilidai kila mtungi ufunikwe kifuniko cha usalama. Vifuniko havikuwapo karakanani, ila sahihi ziliwekwa. Mitungi ikapakiwa kama mizigo, imeandikwa kuwa mitupu. Kifaa cha kuokoa roho ndicho kilichochoma ndege, na makaratasi yote yalikuwa yamesainiwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tatizo letu litaisha kwa sheria mpya. Sheria ya usafiri wa anga tunayo tangu tarehe 31 Desemba 2010, na mashirika yetu bado yamo kwenye orodha ya marufuku ya Ulaya. Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga jambo moja dogo: ndege inaposajiliwa, ukurasa wa redio ya dharura usisainiwe na fundi aliyeifunga pekee. Mtu wa pili afungue paneli, asome tarehe ya betri kwa macho yake, aivute antena kwa mkono, kisha alinganishe namba iliyomo ndani ya redio na namba iliyosajiliwa. Wanafunzi wetu wa uhandisi wanaweza kufundishwa kazi hiyo hapa hapa Kamina.