Royalty na Loyalty

Leo twapenda kunena juu ya maneno mawili ya Kiingereza yanayotatiza sana: royalty na loyalty. Wengi wetu wa Usukumani huzitamka R na L kama mapacha. Lakini katika karatasi za madini mapacha hao hawali chungu kimoja.

Royalty ni mrabaha, yaani fungu la thamani ya madini alipwalo mwenye haki. Katika Tanzania ni Serikali. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka 4 hata 6 kwa mia. Loyalty ni uaminifu, nao hauna mizani wala risiti.

Asili yake ni Kilatini: royal latokana na rex, mfalme; loyal latokana na lex, sheria. Basi R ni ya mfalme na haki yake. L ni ya sheria na kuishika.

Mchimbaji aandikaye kwamba amelipa loyalty amejisifu uaminifu tu. Fedha yake hakuitaja. Kabla ya kutia sahihi, ulimi na utulie, jicho lisome herufi ya kwanza.